Wikendi Moja, Mji Mmoja wa Kale: Lisbon, Roma au Praha?

Swali hili huulizwa na watu wa aina mbili. Yupo anayeishi Ulaya tayari, tuseme Hamburg au Rotterdam, ameomba ruhusa ya kutoka kazini mapema Ijumaa na Jumatatu anatakiwa awe ameripoti. Na yupo aliyekuja kwa semina, viza ya Schengen iko kwenye pasi, na kabla ya ndege ya kurudi Nairobi au Dar es Salaam amebakiwa na siku mbili zake mwenyewe. Wote hukwama palepale. Miji ya kale Ulaya ni mingi, kila mmoja una watu wake wa kuusifia, na muda ni uleule: Ijumaa jioni, Jumamosi nzima, Jumapili hadi giza liingie.

Nimeweka mitatu mezani kwa sababu haifanani. Roma ni mji wa dola na wa Kanisa. Praha, mji mkuu wa Ucheki, ni mji wa wafalme wa zama za kati ambao Vita Kuu ya Pili haikuubomoa sana. Lisbon ni mji wa bahari, na bahari hiyo ilifika Malindi, Mombasa na Kilwa. Paris nimeuacha makusudi. Huo una wapambe wa kutosha.

Vipimo ni sita: siku ambazo milango hufungwa, ugumu wa kufika, historia utakayoiona kwa macho, kazi ya miguu pamoja na hali ya hewa, gharama, na chakula pamoja na mahali pa kusali. Umati na wezi nimewagusa kidogo tu, maana wako kote. Kipimo cha kwanza ndicho watu hukisahau, kwa hiyo tuanze nacho.

Siku ya mlango kufungwa

Mwenye wiki nzima hasumbuki na hili. Mwenye wikendi lazima alifikirie, kwa sababu kila mji una siku yake ya kufunga na siku hizo ni tofauti.

Praha inakufungia Jumamosi. Mji wenyewe uko wazi, ila mtaa wa Wayahudi, Josefov, umelala: masinagogi ya makumbusho na makaburi ya kale hayafunguliwi siku ya Sabato wala sikukuu za Kiyahudi. Wengi hupanga kuanza na hapo Jumamosi asubuhi, maana ni hatua chache tu kutoka uwanja mkuu wa Mji wa Kale, wanafika na kukuta geti limefungwa. Geuza mpango. Jumamosi iwe ya ngome na daraja, Jumapili iwe ya Josefov.

Roma ni Jumapili. Makumbusho ya Vatican, ambayo ndiyo njia ya kuingilia Kanisa la Sistina lenye michoro ya Michelangelo, hufungwa kila Jumapili isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Hiyo ya mwisho ni bure na ni nusu siku tu, basi fikiria foleni yake. Colosseum nayo ni bure Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa mateso hayohayo. Mimi ningelipa. Ukiwa na siku mbili mjini, kusimama juani asubuhi nzima ili uokoe hela ya chakula cha mchana ni hesabu mbovu. Lakini Jumapili ya Roma ina kitu ambacho siku nyingine hazina: saa sita mchana Papa, akiwapo Vatican, hutokea dirishani na kusali sala ya Malaika wa Bwana pamoja na watu waliojaa uwanjani. Hakuna tiketi, hakuna barua ya mwaliko.

Lisbon hufunga Jumatatu. Monasteri ya Jerónimos na makumbusho mengi ya serikali hayafunguliwi siku hiyo, kwa hiyo anayeumia ni yule aliyeongeza siku moja ya likizo akidhani amejipatia nafasi. Kwa msafiri wa Jumamosi na Jumapili tu, Lisbon ndiyo yenye usumbufu mdogo kuliko yote, ila kumbuka kwamba Jumapili asubuhi kanisa la Jerónimos liko kwenye misa. Ukitaka kutembea ndani bila kukwaza waumini, nenda Jumamosi.

Kufika

Uwanja wa ndege wa Lisbon uko ndani ya mji kabisa. Metro ya mstari mwekundu inaanzia hapo, unabadilisha mara moja, na baada ya nusu saa hivi uko katikati ya mji. Tatizo ni safari ya ndege yenyewe. Mji uko pembeni kabisa mwa bara. Kutoka Ujerumani unakaa hewani saa tatu au zaidi, na habari ya treni usiifikirie kwa wikendi. Faida ndogo ni kwamba saa za Ureno ziko nyuma kwa saa moja ukilinganisha na Ujerumani au Italia, kwa hiyo Ijumaa jioni unafika ukiwa bado na mwanga. Jumapili unairudisha.

Praha ni kinyume chake. Kwa anayeishi Ujerumani mashariki ni safari ya treni: kutoka Dresden ni saa mbili na dakika kadhaa, kutoka Berlin saa nne na ushei, na kipande cha mpakani kinapita kando ya mto Elbe katikati ya majabali. Hakuna foleni ya usalama wala kupima uzito wa begi. Ukija kwa ndege, metro haifiki uwanjani. Unapanda basi la umeme namba 59 hadi Nádraží Veleslavín, halafu metro ya mstari A.

Roma ina viwanja viwili. Ukishukia Fiumicino kuna treni ya moja kwa moja hadi kituo kikuu cha Termini, dakika 32, euro 14. Treni ya kawaida ni euro 8 na inapita mtaa wa Trastevere. Kama umepanga upande huo, usijipeleke Termini kwanza. Ciampino, ambako hutua baadhi ya ndege za bei nafuu, hutegemea mabasi.

Kuhusu viza: nchi zote tatu ziko Schengen, kwa hiyo kutoka semina ya Bonn kwenda Lisbon hakuhesabiwi kuingia mara ya pili. Lakini ukiwa na viza ya kuingia mara moja, usikubali tiketi ya bei rahisi inayokupitisha London na kukulaza huko. Ukishatoka Schengen, umetoka. Na ndugu zetu wanaoishi Uingereza kwa pasi ya Kenya au Tanzania wanahitaji viza ya Schengen kama aliyeko Arusha, hata wawe na makazi ya kudumu. Pasi halisi itembee nawe hata kama hapatakuwa na mtu wa kuiuliza.

Historia utakayoiona

Hapa ndipo miji hii inapoachana.

Roma ni tabaka juu ya tabaka. Colosseum ilifunguliwa mwaka 80, enzi za Kaisari Tito, na hapo jirani ndipo lilipo Jukwaa la Kirumi, mabaki ya mahekalu na mabaraza ambayo bila kusoma kidogo kabla ya kwenda yatakuwa kwako mawe tu. Kinachonishika mimi zaidi ni Pantheon, jengo la karne ya 2 lenye kuba la zege la mita 43 ambalo halina chuma ndani na bado limesimama. Juu katikati pana tundu wazi. Mvua ikinyesha inaingia, na ukiinama utaona sakafu ya marumaru imeinuka kidogo katikati na ina vitundu vidogo vya kupitishia maji. Watalii wote wanatazama juu; tazama na chini.

Kwa Mkatoliki wa Afrika Mashariki Roma haihitaji kutetewa. Tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu hapohapo kwa Mtakatifu Petro, na hadi leo mapadri na masista wengi wa kwetu wako Roma masomoni. Ukiwa na padri rafiki aliyeko huko, mpigie kabla ya kusafiri. Atakuonyesha zaidi ya kitabu chochote cha watalii. Na yapo mengine ya Afrika yasiyo ya kanisani: mbele ya jengo ambalo leo ni makao makuu ya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ndipo iliposimamishwa nguzo ya Aksum, iliyochukuliwa Ethiopia na utawala wa Mussolini mwaka 1937. Ilirudishwa kwao 2005.

Praha haina tabaka nyingi hivyo. Inacho ambacho Roma haina: umoja wa mandhari. Unasimama kwenye Daraja la Charles, ambalo ujenzi wake ulianza 1357 chini ya Kaisari Charles IV, na pande zote mbili za mto unaona paa nyekundu, minara na ngome, kana kwamba mjenzi alikuwa mmoja. Juu ya daraja kuna sanamu 30. Ya Mtakatifu Yohane Nepomuk, padri aliyetupwa mtoni 1393, ina bamba la shaba ambalo limeguswa na watu hadi sehemu moja inang'aa na nyingine zote zimepiga weusi. Kanisa kuu la Mtakatifu Vitus ndani ya ngome lilianzwa 1344 na kumalizika 1929. Ndiyo, 1929. Na katika ngome hiyohiyo, mwaka 1618, waheshimiwa wa Kiprotestanti waliwatupa maofisa wa mfalme dirishani, kisa kilichowasha Vita vya Miaka Thelathini.

Sasa saa ya mnarani, Orloj, iliyopo tangu 1410. Kila saa kamili mitume wanapita dirishani, umati unainua simu, dakika moja imekwisha, na wengi wanaondoka wakisema ndiyo hiyo tu? Ubaki. Umati ukitawanyika, tazama pete ya nje kabisa, nyeusi yenye tarakimu za dhahabu za mtindo wa kale, 1 hadi 24. Hiyo ni saa ya kale ya Kicheki, inayohesabiwa kuanzia jua linapozama. Moja yao ni saa moja baada ya machweo, yaani saa moja usiku kama tunavyoisema sisi. Tofauti ni kwamba wao hawaanzi upya asubuhi, wanaendelea hadi 24. Na kwa kuwa machweo ya huko yanahama sana kati ya kiangazi na baridi, pete yenyewe huzungushwa kufuata msimu, jambo ambalo mtu wa Tanga hajawahi kulihitaji. Mswahili ataisoma kabla Mzungu aliyesimama naye hajaielewa.

Josefov ni kitu kizito. Katika Sinagogi la Pinkas kuta zimeandikwa majina ya karibu watu 80,000, Wayahudi wa Bohemia na Moravia waliouawa na Wanazi. Usiingie hapo katikati ya kula aiskrimu. Kuna pia habari ya karibu yetu: kuanzia 1961 hadi 1974 palikuwa na Chuo Kikuu cha Novemba 17 hapa Praha, kilichoanzishwa kwa ajili ya wanafunzi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kama una mzee katika ukoo aliyewahi kusoma Czechoslovakia, muulize kabla hujaondoka.

Halafu Lisbon. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, tetemeko liliuangusha mji, moto ukafuata, na mawimbi yakapanda kutoka mtoni. Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, aliujenga upya mtaa wa Baixa kwa barabara zilizonyooka kama daftari la hesabu, na ndani ya kuta akaagiza ziwekwe fremu za mbao ili nyumba zicheze bila kuporomoka. Kanisa la Carmo liliachwa bila paa. Unaingia ndani na juu yako ni mbingu. Mtaa wa Alfama, wenye vichochoro vya tangu enzi za Waislamu waliotawala hadi 1147, ulinusurika kwa sehemu kubwa. Aliyezoea Mji wa Kale wa Mombasa hatapotea humo, au atapotea bila wasiwasi.

Lakini kwa msomaji wa Kiswahili, Lisbon yenyewe hasa iko Belém, mtaa wa kando ya mto. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa kodi ya asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Mashariki. Kanisani humo yupo Vasco da Gama, amelala juu ya kaburi lake kwa sanamu ya jiwe, mikono imekunjwa kwa sala. Huyu ndiye aliyefika Mombasa Aprili 1498, mambo yakaharibika, akasogea Malindi na kupewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Nguzo yake ipo Malindi hadi leo. Nje, kando ya mto, kuna mnara wa wavumbuzi uliojengwa 1960, wakati wa dikteta Salazar, mawe meupe yenye watu wanaotazama baharini kwa fahari. Hakuna anayekusimulia hapo kwamba mwaka 1505 meli za Francisco de Almeida ziliiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa, wala kwamba Fort Jesus waliyoianza 1593 waliipoteza kwa Waomani 1698. Hilo unakwenda nalo mwenyewe kichwani.

Na kama una saa moja tu ya makumbusho Lisbon, nenda Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, Museu Nacional de Arte Antiga, uulize ilipo monstransi ya Belém. Ni chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kazi ya mfua dhahabu Gil Vicente, kimekamilika 1506. Mitume kumi na wawili wadogo wa dhahabu na rangi wamepiga magoti wakizunguka mahali pa hostia, yaani mkate wa Ekaristi, kila mmoja na uso wake, kazi ya mkono ambayo unaitazama ukishikilia pumzi. Kwenye kitako kuna maandishi yanayosema dhahabu imetoka wapi: ni kodi ya Kilwa. Ni dhahabu ambayo Vasco da Gama, katika safari yake ya pili mwaka 1502, alimlazimisha mtawala wa Kilwa aitoe. Magofu ya Kilwa Kisiwani yanatembelewa na watu wachache. Dhahabu yake iko nyuma ya kioo Lisbon. Kwangu mimi hicho kitu kimoja kinatosha kulipia tiketi.

Miguu na hali ya hewa

Lisbon ni vilima, na njia zake zimetandikwa vijiwe vyeupe vya chokaa vilivyolainishwa na nyayo za miaka. Mvua ikigusa vijiwe hivyo, viatu vya soli laini vitakuangusha mbele za watu. Tramu namba 28 inapanda vilima hivyo, ila kituo cha Martim Moniz huwa na foleni ya kukatisha tamaa. Ipande asubuhi na mapema kutoka upande wa pili, Campo de Ourique. Baridi ya Lisbon si ya kutisha, koti la kawaida linatosha hata Januari, ingawa mvua ipo.

Roma katikati ni tambarare kiasi, lakini umbali unakula miguu, na Jukwaa la Kirumi halina kivuli. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30 bila upepo wa bahari tunaoujua Pwani. Dawa yake ni mabomba ya chuma ya barabarani, nasoni, yanayotiririsha maji safi ya kunywa saa zote bure. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yatarukia juu kupitia kitundu kidogo, unakunywa bila kuinama. Beba chupa.

Praha usipande ngome kwa miguu. Panda tramu namba 22 hadi kituo cha Pražský hrad, kisha shuka kwa miguu kuelekea mtoni. Desemba jua linazama saa kumi jioni na baridi hushuka chini ya sifuri. Masoko ya Krismasi ni mazuri, ila kama ndiyo kwanza umetoka Dar, nunua soksi nzito kwanza.

Mfuko

Kwa ujumla kitanda na chakula Praha ni nafuu kuliko Roma, na Lisbon, iliyokuwa na sifa ya urahisi, siku hizi imepanda. Roma inaumiza zaidi kwenye tiketi: Colosseum, Vatican, na hata Pantheon ambayo tangu 2023 inalipiwa. Mitatu yote hutoza kodi ya jiji kwa kila usiku: Lisbon euro 4 kwa mtu, Praha koruna 50, na Roma kulingana na nyota za hoteli. Mara nyingi kodi hiyo haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni.

Praha ina mtego wake. Ucheki haitumii euro, inatumia koruna, na euro moja ni kama koruna 24 au 25. Vibanda vya kubadilishia pesa karibu na uwanja mkuu vimeandika kwa herufi kubwa kwamba havina kamisheni. Wizi uko kwenye kiwango chenyewe. Sheria ya 2019 inakuruhusu kurudi na risiti ndani ya saa tatu na kudai pesa yako, lakini kwa nini ujitafutie kesi? Lipa kwa kadi, na mashine ikikuuliza kama ikate kwa euro au kwa koruna, chagua koruna. Na yale mapaja ya nguruwe yanayochomwa uwanjani, bei iliyoandikwa ni ya gramu 100.

Roma, kahawa ya kusimama kaunta ni euro moja na kitu. Ukiikalia, hasa penye mandhari, bei inapanda mno. Mgahawani unaweza kukuta coperto, malipo ya kukaa mezani, ingawa sheria ya mkoa wa Lazio, ulimo Roma, inayakataza. Lisbon wanakuletea mkate, zeituni na jibini kabla hujaagiza: ukila unalipa, ukisema hapana wanaondoa bila kununa.

Chakula na ibada

Kwa Mwislamu, Lisbon ndiyo rahisi: samaki kila mahali, dagaa wakubwa wa kuchoma, bacalhau, samaki mkavu wa chumvi, kwa mapishi yasiyohesabika. Angalia tu supu ya caldo verde, huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe. Kwenye vioo vya vibanda utaona sambusa, wanaziita chamuças, zilizokuja na watu wa Goa na Msumbiji. Uliza ndani kuna nyama gani. Msikiti Mkuu uko karibu na Praça de Espanha tangu 1985, na umejengwa kwa sehemu kubwa na juhudi za familia zilizotoka Msumbiji. Waismailia wa Afrika Mashariki nao wana sababu yao: makao ya Imamu wao yako Lisbon.

Roma, tambi za carbonara, amatriciana na gricia zote zina nyama ya shavu la nguruwe. Cacio e pepe ni jibini na pilipili manga tu. Karibu na Termini kuna migahawa ya Waeritrea na Waethiopia, injera ya kushiba. Msikiti Mkuu, uliofunguliwa 1995, ni mzuri kwa kutazama lakini uko mbali na katikati, safari ya treni kutoka Flaminio. Kwa makanisa, mabega na magoti yafunikwe. Kanga moja kwenye mkoba inamaliza ubishi mlangoni.

Praha ni nchi ya nguruwe na bia. Svíčková, nyama ya ng'ombe kwa mchuzi wa maziwa na mikate ya mvuke, itakufaa kama huna sharti la halali. Ukiwa nalo, utaishi kwa migahawa ya Kihindi na ya Kituruki. Wakatoliki wapite kanisa la Mama wa Ushindi, alipo Mtoto Yesu wa Praha, sanamu ndogo ya nta mliyoizoea kwenye picha. Kuingia ni bure.

Wezi wa mifukoni: tramu 28 Lisbon, basi 64 na metro Roma, mbele ya Orloj Praha mitume wanapopita. Simu isikae mfuko wa nyuma. Kwa umati, Daraja la Charles baada ya saa nne asubuhi ni kama stendi ya mabasi siku ya kuamkia sikukuu. Kabla ya saa moja asubuhi ni lako.

Nani aende wapi

Unamsindikiza mama mwenye magoti mabovu: Roma, hoteli iwe karibu na Pantheon, teksi zisionewe uchungu. Lisbon itamtesa. Praha inawezekana kwa tramu, lakini mawe ya barabarani si rafiki wa fimbo.

Mko wawili, hamjawahi kutembea Ulaya, mnataka picha na matembezi ya jioni: Praha, hasa Aprili, Mei au Oktoba. Mkiwa na bajeti finyu na mnaishi Ujerumani, hapo hata msijadili sana.

Unafuatilia historia ya Pwani, au una watoto wanaokulia Ulaya na wanauliza Wareno walikuja kwetu kufanya nini: Lisbon. Siku ya Belém na makumbusho iwe Jumamosi, Alfama Jumapili. Sintra, mji wa makasri nje ya Lisbon, iacheni, hata kila mtu awashauri; inakula siku nzima. Epukeni usiku wa 12 Juni kama hampendi kelele, maana ni sikukuu ya Mtakatifu Antonio na mji mzima uko barabarani ukichoma dagaa. Mkizipenda, basi nendeni usiku huohuo, ila hoteli mkate miezi kabla.

Umekuja kwa mkutano na unarudi nyumbani Jumapili usiku: tazama ndege yako inaondokea wapi kabla ya kutazama mji. Walio na mkutano FAO wako Roma tayari, na Addis Ababa ina ndege ya moja kwa moja. Aliyeko Berlin achukue treni ya Praha. Lisbon kwa mtu huyu ni hatari kidogo; ndege moja ikichelewa, safari yote ya kurudi inavurugika.

Nusu yenu ni Wakatoliki, nusu ni Waislamu, na hamtaki mtu akae na njaa wala akose sala: Lisbon au Roma, kwa kutegemea nani anaamua. Na mkichagua Roma, tiketi za Colosseum na Vatican huandikwa jina na huisha mapema kwa siku za Jumamosi. Zitafuteni hizo kwanza; zikikosekana kwa tarehe mliyotaka, bado mna muda wa kubadilisha wikendi kabla hamjalipia ndege.